Matofali Chini ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi
Nimeaibishwa na kiti! Daktari wa viungo kaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame bila kushika popote. Nikafika nusu, nikarudi chini pu! Binti yangu kasema daktari anarudi Jumamosi. Nikishindwa tena, nahamia chumba cha chini, nilale na shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Mkoromaji yule! Chumba cha juu ndimo nilimoishi na mke wangu. Sitoki, ng'o! Daktari anadai misuli ya mzee isipotumika hunywea, eti kila siku nikae, nisimame, nikae, nisimame. Mimi fundi saa mstaafu, si kuruta.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kiti kikiinuliwa, mimi nitainuka kidogo tu. Matofali yamejaa uani. Nimeyapandisha ngazi mawili mawili, nimeyaficha ndani ya koti. Shemeji alikuwa palepale uani anachuchumaa na kuinuka, madumu ya maji mikononi, eti mazoezi, mzee mzima! Akauliza koti la nini na jua lote hili. Nikasema nina homa.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kamwambia binti kuhusu homa. Mmbeya! Sasa binti haishi kuniletea chai. Nikisikia hatua zake, nainua kiti, natoa matofali, nachuchumaa kuyasukuma uvunguni. Akishuka, nayarudisha. Hoi! Shemeji angalau hupumzika.

Ijumaa, 7 Machi
Chai, matofali, chai, matofali. Moja limeniangukia kidoleni. Nimelia kimyakimya. Lakini kiti kimekuwa kirefu, raha tupu, miguu inaning'inia.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Daktari kakataa kupanda juu. Eti tupimie jikoni, kwenye kigoda! Shemeji kaegemea mlango, anachekelea, kitanda changu keshakitandika chumbani kwake. Nikakunja mikono. Nikamkumbuka mke wangu. Nikasimama. Wima! Daktari akataka tena. Nikasimama tena! Binti akanikumbatia huku analia, akasema alijua babake atafanya mazoezi. Daktari akasisitiza nisiache, nguvu hizi hazikawii kupotea.

Mazoezi gani? Sijafanya hata siku moja! Ni damu tu. Ukoo wetu una miguu.

Jumapili, 9 Machi
Daktari atanipima tena baada ya miezi mitatu. Nimejipanga. Miguu hii naitunza mpaka siku hiyo, siichakazi ovyo. Nimelala tangu asubuhi, chakula naletewa kitandani. Kushusha matofali nimemwachia shemeji. Kafurahi, maskini.