Kilometa Saba za Heshima

Jumatatu, 3 Machi

Nimesema! Mbele ya ofisi nzima, kikombe cha chai mkononi: kuanzia kesho nakuja kazini kwa baiskeli. Sikupanga. Ni huyu Bwana Vifaa, mtunza stoo wetu, aliyeingia tena na kofia yake ngumu ya baiskeli inayong'aa, na mabinti wa mapokezi wakamsifu tena jinsi kitambi kilivyopungua. Nikawaambia mimi nilikuwa naendesha baiskeli yeye bado ananyonya. Meneja akasikia. Akasema vizuri sana, masjala nayo ioneshe mfano. Masjala ni mimi peke yangu na mafaili.

Jioni nimeitoa baiskeli chini ya ngazi. Miaka kumi na minane! Fundi wa pale kona ameizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuaga maiti. Kabadilisha tairi, mnyororo na breki. Mke wangu kauliza kama bado ni baiskeli ileile.

Jumanne, 4 Machi

Kilometa saba. Ya kwanza niliimba. Ya pili nilinyamaza. Ya tatu nikapitwa na msukuma mkokoteni mwenye magodoro kumi na moja, naye akanitia moyo: "Jikaze, mzee wangu!" Mzee! Nina miaka arobaini na sita.

Kisha ule mzunguko mkubwa wa njia nne. Kuingia si kazi. Kutoka! Kila nikitaka kuchomoka, basi linapiga honi ubavuni, narudi ndani. Nimezunguka mara tano. Raundi ya tatu trafiki alinipigia saluti. Raundi ya tano akasimamisha magari yote, akaniuliza kwa upole ninaelekea wapi. Sikuwa na pumzi ya kujibu. Nilionyesha kwa kidole.

Nimechelewa dakika hamsini. Ofisini nimesema nilirefusha njia kwa ajili ya mazoezi. Si uongo.

Jumatano, 5 Machi

Siwezi kukaa. Asubuhi nimeisukuma baiskeli mwendo wote, kichwa chini, kama mtu aliyepata pancha. Nimefanya kazi nimesimama kutwa. Meneja kapita, kasifu bidii.

Mzunguko ule siurudii. Lakini akili ninazo: jirani yetu ni dereva wa gari la mikate, na kila asubuhi hupita nyuma ya ofisi yetu. Tumeelewana.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Baiskeli na mimi tumepanda nyuma ya gari, katikati ya trei za mikate, kajoto kazuri. Nikashushwa uchochoroni, nikajimwagia maji ya chupa usoni na mgongoni, nikaingia getini nikihema. Mapokezi makofi! Mmoja kasema nimeanza kupungua.

Bwana Vifaa hakupiga makofi. Alininusa. Akauliza mbona suruali ina unga makalioni. Nikamwambia nilipita karibu sana na bekari, kwa kasi. Akasema basi kesho atanipitia nyumbani saa kumi na mbili na nusu, twende pamoja. Meneja kafurahi. Mbaya wangu huyu!

Jioni nimeshikwa na homa ghafla. Bahati mbaya mke wangu ni muuguzi. Kanipima, kasema joto liko sawa, ni woga tu. Kumbe dereva wa mikate kashamsimulia kila kitu, tena huku anacheka. Kaniambia, "Kama ni kuumbuka, baba watoto, umbuka kwa miguu yako mwenyewe."

Ijumaa, 7 Machi

Alikuja. Kabla ya wakati! Nikapiga moyo konde, nikatoka.

Mbele ya mzunguko nilisimama kabisa. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Kashuka, kanisogelea, kasema wiki yake ya kwanza aliingia mtaroni na kulia pale pale, mbele ya abiria wa basi zima. Hajamwambia mtu. Kisha kanielekeza: "Kaa nyuma ya gurudumu langu. Nyoosha mkono mapema. Mtazame dereva machoni."

Tukaingia. Nikanyoosha mkono. Nikamtazama dereva wa lori machoni. Lori likasimama! Lori zima, kwa ajili yangu! Tukatoka upande wa pili, raundi moja tu, na upepo ukanipiga kifuani kama zamani kabla sijaoa. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

Ofisini sikuhitaji maji ya chupa. Nimemshika Bwana Vifaa mkono, nikamwita ndugu. Na kutoka moyoni.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kaja kula mchana. Kajisifu weee na gari lake jipya, jinsi linavyofika kwa wazazi wao kwa saa mbili tu. Kilometa tisini na nne. Nilivumilia mpaka kwenye matunda.

Nimemwambia gari ni la watu waliochoka. Mwezi ujao tutakwenda kwa wakwe kwa baiskeli, tena tutafika kabla yake. Mke wangu kauliza "tutakwenda" ni nani na nani. Nimempigia simu Bwana Vifaa kumpa habari njema kwamba nimemwandikisha. Simu yake ikakatika ghafla. Mtandao.

Shemeji anacheka eti njiani kuna milima mitatu. Hajui kitu huyu. Kila mlima una mteremko wake.