Drili Yangu na Ugeni wa Bikira Maria

Jumatatu, 14 Oktoba
Drili imefika! Binti yangu Viola kaileta kutoka Arusha. Haina waya. Inakula chaji kama simu, halafu inanguruma kama pikipiki. Viola alisema ni ya zamani ya mumewe. Uongo. Wamenunua kwa ajili yangu, wanaona haya kusema.

Nimetoboa mlango. Nimetoboa mpini wa jembe. Nimetoboa ndoo, hiyo kwa bahati mbaya. Mama Viola akauliza ndoo ilikuwa na kosa gani. Mwanaume mwenye mashine hajibu kila swali.

Ijumaa Bikira Maria anakuja kwetu! Mwezi wa Rozari sanamu yake inatembezwa nyumba hadi nyumba katika jumuiya yetu hapa Bonga, usiku mmoja kila nyumba. Alhamisi atakuwa kwa jirani yangu Baltazar, mwenyekiti wa jumuiya. Baltazar kafunga taa za rangi zinazowakawaka. Taa! Mimi nitampigia Mama wa Mungu ubao wa kusimamia ukutani, juu kabisa, karibu na dari. Baltazar ainue shingo mpaka imuume.

Mama Viola anataka stuli na kitambaa cheupe, basi. Kasema Mama wa Mungu akianguka nyumbani kwake, yeye anafunga mzigo anarudi kwao Mbulu, nibaki nijipikie. Nimemwambia aanze kunishukuru mapema.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimeanza ukuta wa sebuleni. Tundu la kwanza safi. La pili safi. La tatu, paa! Cheche, harufu, redio kimya. Waya wa umeme ulikuwa umejificha ndani ya plasta. Nyumba nzima haina umeme. Na mimi sijafa! Mtu mwingine angekufa. Mama Viola akasema mtu mwingine angemwita fundi.

Nikamweleza kwamba hata Nazareti hakukuwa na umeme. Akatoka nje, akakaa na kuku.

Jumatano, 16 Oktoba
Tundu la nne. Biti, yaani ule msumari wa drili unaozunguka, imezama yote, halafu imeng'ang'ania. Nikabonyeza, drili ikaguna, chaji ikaisha. Nimevuta. Nimevuta nikiwa nimekanyaga ukuta. Nimevuta huku Mama Viola ananivuta kiunoni. Haitoki!

Ukuta huu niliujenga mwenyewe. Kila tofali za udongo zilipopungua, nilichomeka jiwe. Sasa biti imebanwa na jiwe langu. Kazi nzuri ile! Nyumba za siku hizi zingeachia.

Baltazar akapita kusalimia. Akaiona drili imetokeza ukutani kama kichwa cha mbuzi. Akaniuliza, Mzee Sosthenes, ndiyo imeota au bado inaota? Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema anamjua fundi mmoja wa kijiji cha Mutuka. Nikamwambia fundi amesimama mbele yake. Akageuka kumtafuta. Mjinga.

Alhamisi, 17 Oktoba
Betri haichaji bila umeme. Basi nikapata akili. Bikira Maria yuko kwa Baltazar, na Baltazar ana umeme. Nikaenda kusali! Betri na chaja ndani ya koti. Nikapiga magoti pale pale penye soketi, nikachomoa zile taa za rangi, nikachomeka chaja. Nimesali mpaka magoti yakafa ganzi. Mke wa Baltazar alitoa machozi. Akamwita mumewe aje aone mzee alivyoongoka. Baltazar akaona taa zake hazimeremeti, akadhani zimeungua, akahuzunika sana. Siku nzuri kabisa!

Nyumbani nikarudisha betri, nikabonyeza. Biti haikuzunguka. Ikazunguka drili! Ikanigonga kidevu. Nguvu gani zile!

Mama Viola akasema Baba Viola inatosha. Ubao basi, sanamu stulini, betri itolewe, na hiyo aibu ukutani ataifunika kwa kitenge. Nimekubali kitenge. Betri nimeiacha humo humo. Na drili nimeipa kazi nyingine: kutundikia makoti ya wageni. Kwa Baltazar makoti yanarundikwa kitandani.

Ijumaa, 18 Oktoba
Jumuiya nzima imekuja. Bikira Maria stulini, kitambaa cheupe, mishumaa tu. Katekista Yoakimu akasifu, kasema imekuwa kama zamani, bila mataa mataa. Nikamtazama Baltazar. Katekista akavua koti lake zito, akatafuta pa kulitundika. Nikafunua kitenge kidogo, nikamwonyesha.

Ijumaa ni matendo ya uchungu. Tukafika tendo la pili, Yesu anapigwa mijeledi. Kitanzi cha koti kikateleza, kikakaa kwenye kitufe cha drili. Koti likaanza kuzunguka! Mkono wa koti ukampiga Baltazar kisogoni. Ukazunguka, ukarudi, ukampiga tena. Hakuacha kusali, hapo namsifu. Lakini ilitoka Salamu Maria, umejaa, aa! neema, aa! Romana wa kwaya akapasuka kicheko. Wakafuata wote. Katekista akajaribu kulikamata koti lake, likamkwepa mara tatu.

Kisha jiwe likaachia. Puu! Jiwe, tofali, drili na koti vyote vikaporomokea nje. Tukaiona migomba. Vumbi! Mama Viola alikuwa ameshamkumbatia Bikira Maria, kamfunika kwa mwili wake wote. Sanamu haikupata hata punje. Yeye alikuwa mweupe kichwa hadi miguu, akinitazama tu. Niliiona barabara ya Mbulu machoni pake.

Katekista akafuta machozi ya kicheko. Akasema Rozari haijaisha na leo hakuna wa kuimaliza. Kesho tunaanza upya, hapa hapa, na Bikira Maria haondoki mpaka tumalize. Mama Viola akauliza kwa sauti ndogo, analala kwangu tena? Katekista akasema ndiyo mama, kwako.

Jumamosi, 19 Oktoba
Matendo ya furaha! Watu wamefurika kuliko jana, wengine kutoka Sigino. Waliokosa nafasi wamesali nje, kupitia shimo. Baltazar mmojawapo, anasema nje kuna usalama. Katekista kamsifu Mama Viola mbele ya wote, kwamba mikono yake imemwokoa Mama. Vigelegele! Hajafunga mzigo. Kaniwekea paja la kuku, bila kuniangalia.

Jumapili, 20 Oktoba
Bikira Maria kaondoka kwa nyimbo. Mama Viola kasema nimwite yule fundi wa Mutuka azibe ukuta na kurudisha umeme, na drili irudi Arusha. Nimetikisa kichwa kama mtu aliyekubali.

Halafu nikakaa nikapiga hesabu. Baltazar: taa za rangi, hakuna shimo, usiku mmoja. Mimi: shimo moja, siku mbili. Tangu jumuiya ianze hakuna nyumba iliyopata siku mbili.

Nimeiokota drili kwenye majani, nimeipuliza vumbi. Inanguruma!

Mwakani mashimo manne. Nimeshaweka alama za mkaa ukutani.