Ng'ombe Sita kwa Kila Mche

Ha Khoabane,
9 Machi.

Kwa Afisa wa Leseni za Kilimo cha Bangi,
Maseru.

Mheshimiwa,

Leo, tarehe tisa Machi, ninaapa kukueleza yote bila kuficha. Mwalimu wetu Nthofela anafundisha kwamba barua ya malalamiko ikificha jambo moja, hata yale mengine hayaaminiki. Mimi ni Limpho, mwanafunzi wa darasa la kumi. Nkhono Mapuseletso ni bibi yangu, na shamba lake la bangi ndilo lililonisomesha tangu nilipoanza kushika penseli. Shamba hilo limeamriwa ling'olewe Ijumaa ya wiki ijayo. Likienda, na mimi shule basi. Ndiyo maana naandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Chanzo ni uzazi. Jirani yetu ng'ambo ya uzio ni kampuni yenye leseni yako. Ndani ya nyumba zake za plastiki, zinazowashwa taa usiku kucha, hupanda mimea majike mitupu, kwa sababu jike lisilozaa ndilo hutoa maua ya kutengenezea dawa, na wanunuzi wa nje hawataki maua yenye mbegu. Mwezi uliopita majike elfu nne yalikutwa na mbegu. Meneja wao, Ntate Gerrit, akaenda kumshtaki Nkhono kwa chifu wetu, Morena Khoabane, kwamba chavua ya madume yake imevuka uzio.

Morena hakupata kifungu cha chavua katika sheria anazozijua. Akauliza, "Ntate, kwa kifupi, mabinti zako wamepewa mimba?"

Meneja akasema, "Kwa kifupi, ndiyo."

Basi Morena akahukumu kama anavyohukumu kila mara kijana wa hapa anapompa mimba binti wa watu: ng'ombe sita kwa kila binti, na tukishindwa, shamba ling'olewe. Baraza lilicheka mpaka mablanketi yakaanguka mabegani. Mzee mmoja akamwambia bibi yangu, "Nkhono, wakwe zako hao wanalala na taa zinawaka. Ukienda kuwaamkia, vaa miwani ya jua." Nkhono hakucheka. Nami sikucheka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ng'ombe sita kwa mabinti elfu nne ni ng'ombe elfu ishirini na nne. Bonde letu halina idadi hiyo, hata ukiwarudisha wote walioibwa wakavushwa mpaka.

2. Baba hajulikani. Nkhono hung'oa madume yote kabla hayajafungua maua, na kila Jumamosi mimi humsaidia. Huyatambua kwa vidole. Kampuni ina walinzi, mbwa na kamera kumi na mbili. Kama kijana wa kwetu aliingia, watuonyeshe picha yake. Aliyeingia ni upepo, nao unafanya kazi katika wilaya hii bila leseni. Naomba uuite ofisini kwako kwanza.

3. Hata kama baba ni wa kwetu, hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari kuoa. Tuko tayari. Tuna ng'ombe mmoja, mwekundu, mtaratibu. Atangulie yeye, na waliobaki tutalipa polepole kama watu wote wanavyolipa. Mahari ikianza kutolewa, watoto ni wa upande wa baba. Kwa hiyo mbegu zote ni za Nkhono.

4. Bibi arusi huhamia kwa mumewe. Majike yote elfu nne yahamie upande wetu, yaje na nyumba zao za plastiki, maana hatuna pa kuyalaza.

5. Mwaka wa kwanza kampuni ilikuja kwa Nkhono kuomba mbegu za bonde hili, ikamshukuru kwa blanketi moja. Majike yale ni uzao wa mbegu hizo, kwa hiyo ni binamu wa madume yetu. Kwetu binamu huoana ili ng'ombe wasitoke katika ukoo. Kumbe basi hatudaiwi zaidi ya kumtoa ng'ombe wetu zizini, azunguke nyumba mara moja, kisha arudi.

6. Mama mkwe wa mimea yenye leseni hawezi kuitwa mkulima haramu. Fedha nyingi kama ada ya leseni yako haijawahi kuonekana katika bonde hili. Naomba leseni imfikie Nkhono kwa njia ya ukoo.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na anayefungua barua na anayepiga mihuri. Nkhono anakusalimu. Mwalimu Nthofela anakusalimu. Ng'ombe naye hajambo.

Mimi mtiifu wako,
Limpho Ramakatsa.

Nyongeza: Jioni hii nimemsomea Nkhono barua yote. Alifurahi mpaka hoja ya pili tu. Nilipomaliza akasema, "Mjukuu wangu, madume saba niliyaacha. Yale ya kule kwenye uzio." Niliuliza kwa nini. Akasema aliwahi kuwaomba watu wa kampuni kazi ya kuwang'olea madume, wakamjibu kwamba wana mashine. "Nikataka kuona hiyo mashine inavyoujua upepo."

Niliapa kueleza yote, na sasa nimeeleza. Naomba unijibu kwa posta ya kwanza, kabla ya Ijumaa hiyo: je, ofisi yenu husoma yaliyo chini ya sahihi, au huishia kwenye jina?