Vita vya Mpini wa Kisu cha Jikoni

Nyamazeni, enyi wapiga soga, tegeni sikio hata ninyi mliokwisha kusinzia, niwasimulie jinsi mume wangu, Simba wa Stoo, Bwana Mikono-ya-Chuma, alivyotoka kupigana na mpini wa kisu, na vita vikadumu siku nne.

Chanzo ni kidole changu. Kisu kilivua mpini nikiwa katikati ya kitunguu, kikanichana. Kaka yangu mhunzi alipoona kitambaa kimelowa damu akataka akichukue kisu akakitengeneze. Ndipo shujaa akapanda juu ya kigoda.

“Shemeji, chuma hiki hakitoki nyumba hii! Rudi Ijumaa ukivute kwa nguvu zako zote. Mpini ukichomoka, sanduku langu la zana ni lako.”

Jumatatu akavaa fulana yake iliyotoboka, ndiyo deraya yake. Akausugua mkia wa kisu, ile sehemu iingiayo mpinini, kwa msasa, akaufuta mafuta, akaupaka gundi, akaufunika kwa mbao mbili, moja kila upande. Hayo, nimpe haki yake, aliyafanya vizuri. Kisha akakibana kwenye jiriwa, chuma chake cha kubania. Loo! Akakaza hata mishipa ya shingo ikamtoka, na gundi, jeshi lake pekee, ikakimbilia sakafuni. Jumanne mbao zikaanguka kama maganda. Akapaka upya, akakaza zaidi. Jumatano zikaanguka tena.

“Baba watoto,” nikamwambia, “unaikamua gundi yote. Kitabaki nini cha kushika? Bana kidogo tu, halafu uiache.”

Akanihutubia mpaka sufuria ikachemka, habari za babu zake ambao hawakupata kulegeza kitu maishani. Nikarudi jikoni. Punde nikasikia jiriwa likilegezwa, polepole, kwa aibu.

Alhamisi mbao zilikuwa zimeshika, akapitisha misumari mitatu ya shaba akaifua ncha. Ijumaa kaka akaja, akabana bapa la kisu kwenye jiriwa, akavuta mpini mpaka kofia ikamdondoka. Haukutikisika.

“Safi, shemeji. Wengi hukaza mno, gundi ikakimbia. Nani kakufundisha?”

Shujaa akanitazama. Akalitazama sanduku lake.

“Mambo haya,” akasema, “mtu huzaliwa nayo.”

Basi na iandikwe kwamba siku ile mpini ulisimama, na vizazi vijue ni kwa mkono wa nani. Mimi nikakichukua kisu nikakata kitunguu, kwa nguvu zaidi kuliko kilivyostahili, machozi yakanitoka. Simba akanishika bega, sauti imejaa huruma.

“Usilie, mke wangu. Si nilikwambia nitashinda?”