Nilivyomripoti Pélagie kwa Watu wa Kodi

Jumatatu, 2 Juni

Mkutano wa kodi leo, ukumbi wa kanisa, hapa Kansanga, Kampala. Wenye biashara ndogo tuliitwa sote. Afisa aliyekuja, Bi Nabangala, ana sauti ya upole na miwani mizito. Alisema kuanzia sasa ukimlipa mtu kwa kazi yoyote, lazima umripoti: majina kamili, namba ya simu, anapokaa, kazi aliyokufanyia. Watu waliguna. Oloya, fundi wa simu wa mlango wa pili kutoka kwangu, akauliza kama hata anayemkata kucha ataripotiwa. Ukumbi mzima ukacheka. Oloya huchekewa hata akipiga chafya.

Mimi sikuguna. Mimi, Ondiek, mwenye duka la fotokopi, nilikaa pale moyo ukinidunda kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Maana mkabala na duka langu, ng'ambo ya korido, anashona Pélagie, Mkongomani wa Bukavu. Tangu ahamie pale namwambia, "Jambo, jirani." Naye hujibu, "Jambo, jirani." Basi! Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Namba yake naitaka, uso wa kuiomba sina.

Sasa sheria itaniombea.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Mji wote umekwenda kuhiji Namugongo. Maduka yamefungwa. Nilimpigia dada yangu aliye kwetu Ahero, akasema ana wageni, atanipigia. Hajanipigia. Nilipika ugali wa mtu mmoja, ukawa wa watu watatu kama kawaida. Mkono wangu haujui kupunguza.

Nilitumia siku kufikiri nimpe Pélagie kazi gani. Mapazia? Duka langu halina dirisha. Suti? Atanipima kifua, nitazimia.

Nimepata! Mashine ya fotokopi haina nguo.

Jumatano, 4 Juni

Nimeagiza. Pélagie alikuja na utepe wake, akaipima mashine mabega na kiuno. Hakucheka. Aliuliza tu kama inasikia baridi. Nikasema ni vumbi. Akauliza rangi. Nikasema yoyote anayopenda yeye. Oloya alikuwa mlangoni, akauliza kama mashine itataka na kilemba. Hapo Pélagie akacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa. Walikuwa wameshanyamaza.

Ijumaa, 6 Juni

Nguo imekwisha. Kitenge chenye ndege wa bluu, pindo mbili, hata sehemu ya waya ameiachia tundu. Mashine sasa inafanana na shangazi wa bibi harusi.

Nililipa. Kisha nikatoa karatasi na kalamu, nikakohoa kiserikali. Majina kamili? Alinitazama sana. Aliuliza ni nani anayataka. Nikasema sheria. Akataja. Simu? Akataja! Anapokaa? Upande wa Kabalagala, nyuma ya baa yenye kelele. Ningeishia hapo, lakini kalamu ilikuwa imechangamka. Nikauliza anakaa na nani. Na mama yake. Nikauliza anapenda chakula gani. Akauliza, kwani hata hilo serikali inalitaka? Nikasema siku hizi serikali inataka kila kitu.

Sombe, yaani kisamvu. Anapenda sombe.

Jumamosi, 7 Juni

Nina namba yake, sina la kusema. Jioni nikapiga. Akapokea! Nikamwambia nahakikisha namba ni sahihi, kwa ajili ya sheria. Akasema ni sahihi. Nikamshukuru kwa niaba ya sheria.

Kisha nikala peke yangu, na simu juu ya meza kama mgeni asiyezungumza.

Alhamisi, 12 Juni

Wiki hii nimeagiza nguo ya birika, ya stuli na ya redio. Duka zima limevaa isipokuwa mimi. Wateja wanaogopa kukaa.

Leo nimetuma ripoti kwa kompyuta. Kulikuwa na nafasi ya kueleza kazi ya aliyelipwa. Wengine wangeandika "ushonaji" wakaondoka. Mimi niliona ni haki asifiwe. Nikaandika: "Fundi bora kuliko wote Kansanga. Wateja wake hawahesabiki. Wanatoka hata ng'ambo. Kampala haijawahi kuona mkono kama huu." Nilisoma tena, nikafuta machozi, nikatuma.

Jumanne, 17 Juni

Balaa!

Watu wa kodi wamempigia Pélagie. Wanataka kujua habari za kiwanda chake cha nguo kinachouza nje ya nchi. Aende ofisini keshokutwa.

Alikuja dukani kwangu, simu bado kiganjani.

"Papa Ondiek, uliandika nini juu yangu?"

Nikasema niliandika mazuri tu.

"Mazuri?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kule kwetu, Leta ilikuja na makaratasi kwa duka ya baba. Ilisema ni ya kuandika majina tu. Kisha walibeba mashine zote. Baba alikufa na ile hasira. Mi nikakuja huku, nikasema sasa hakuna mtu anajua jina langu, nitalala. We umelipeleka."

Leta ndiyo serikali, kwa Kiswahili chao cha Bukavu. Nyuma yangu birika lilikuwa limevaa maua.

Akafunga duka mchana kweupe. Oloya alimsaidia kubeba cherehani hadi nyumbani kwake Kabalagala ili isichukuliwe. Mimi nilishika mlango. Hakuna aliyekuwa amenituma kushika mlango.

Alhamisi, 19 Juni

Nilimkuta kituo cha basi asubuhi nikamwambia nitakwenda naye. Akapanda basi. Nami nikapanda.

Tuliwekwa kwenye benchi la nje, kwenye korido. Benchi fupi. Foleni ndefu. Mwanzo alitazama ukuta. Baadaye akatoa karanga kwenye mkoba, akala, kisha akanisogezea pakiti bila kunitazama. Nikala moja moja ili zisiishe. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamweleza mashamba ya mpunga ya Ahero na kelele za ndege wakati wa mavuno. Akaniambia juu ya milima ya Bukavu inavyoshuka mpaka ziwani, na mama yake ambaye bado anaweka sahani ya baba mezani. Nikamwambia nami hupika chakula kingi kuliko mtu mmoja. Akanitazama. Mara ya kwanza alinitazama kama mtu, si kama jirani.

Nilianza kuiombea foleni isisogee.

Ikasogea. Bi Nabangala alisoma maneno yangu kwa sauti, yote, mbele ya makarani wawili. Akauliza wateja wa ng'ambo ni wa nchi gani. Nikasema ni mimi. Ng'ambo ya korido.

Akavua miwani.

"Bwana, sasa wewe unampenda huyu mama, mbona unatuambia sisi?"

Makarani walikufa kwa kicheko. Pélagie aliinamisha kichwa, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Bi Nabangala akamweleza taratibu: biashara yake ni ndogo, hana anachodaiwa, cherehani ni yake na hakuna wa kuigusa. Pélagie alimwomba arudie. Akarudia. Hapo Pélagie akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Nje, barabarani, akaniambia:

"Ukitaka kunisalimia, ingia, ikala. Kiti kiko. Jumapili mama anapika sombe, kuja ukule. Lakini usiandike tena kwa Leta kama umenilipa. Umesikia?"

Nimesikia.

Ijumaa, 20 Juni

Pélagie amefungua. Cherehani imerudi. Kiti kiko, kweli. Kiko wazi, kinanitazama.

Asubuhi nilivuka korido mpaka katikati. Nikafikiri: nikishakaa, nitasema nini? Jana tulikuwa na foleni, tulikuwa na hofu, tulikuwa na karanga. Leo kuna kiti tu. Nikajifanya nilikuwa nafuata karatasi iliyopeperuka. Hakukuwa na upepo. Nikarudi.

Mchana nikamwona Oloya amekaa, mguu juu ya mguu, anasimulia. Anacheka naye. Kwa nini mambo huwa mepesi hivyo kwa wengine?

Nimewaza mpaka saa ya kufunga. Siku yangu nzuri kuliko zote tangu nifike Kampala ilikuwa jana, kwenye benchi la watu wa kodi. Pale Oloya hana nafasi. Sasa, Pélagie alisema nisiandike kwamba nimemlipa. Hakusema lolote juu ya yeye kunilipa mimi! Na wiki iliyopita alinakili kitambulisho cha mama yake hapa kwangu.

Nimefungua kompyuta. Nimeandika: "Mteja mkubwa. Hunakili mchana kutwa. Inashangaza anatoa wapi karatasi zote hizo." Lazima watatuita wote wawili.

Kisha nikamtumia Pélagie ujumbe: Jumapili sitaweza kuja kula, nina kazi za kodi.

Nimeshanunua karanga.