Makabidhiano Rasmi ya Kitanda cha Mama Vifungo

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, kwenye mlango wa ofisi na kwenye nguzo tatu za umeme. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo huruma yote ya eneo hili itaratibiwa. Mtu yeyote mwenye nia ya kumsaidia mgonjwa au familia yake, kwa chakula, kwa nguvu zake, kwa kitu, au kwa kukaa naye tu wakipiga soga, aiwasilishe nia hiyo kwa Mratibu Mkuu wa Huruma katika nakala tatu. Huruma isiyo na muhuri ni huruma holela.

Mratibu Mkuu aliliandika mwenyewe. Alipolisoma mara ya nne ndipo akaongeza neno "holela", na baada ya hapo akashushia chai kwa utulivu wa mtu aliyefukia shimo ambalo watu walilivuka miaka nenda miaka rudi bila kujua ni shimo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu nadhifu, wa miaka hamsini na tatu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mtaani walimwita Bwana Muhuri, naye alidhani ni heshima.

Hoja yake ilikuwa na ushahidi. Mwezi uliopita alishuhudia kwa macho yake masufuria matatu ya supu yakiingia katika nyumba moja asubuhi moja. Matatu. Bila kikao, bila mwenyekiti, na bila mtu hata mmoja kujiuliza supu ya pili inakuja kuziba pengo gani.

Nyumba hiyo ilikuwa ya fundi viatu. Mkewe alikuwa mshonaji, na watu walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuna mtoto aliyepita mbele ya cherehani yake akiwa na shati lenye kifungo kilichong'oka akaachwa aende hivyo hivyo. Alimvuta mkono, akamshonea pale pale akiwa amevaa, akamwambia asipumue. Sasa asiyepumua vizuri alikuwa ni yeye. Moyo wake ulikuwa umevimba. Nesi wa zahanati alisema asilale chali hata kidogo, maana maji yatampanda kifuani. Alale akiwa ameinuliwa mgongo, mpaka hospitali kubwa ipate nafasi ya kumpasua. Basi akawa analala kwenye kiti.

Majirani walijipanga bila kuandikiana barua. Mmoja alichukua nguo za kufua, mwingine maji, kinyozi akawa anasoma zile karatasi za hospitali na kuzieleza kwa lugha ya watu. Seremala akasema kitanda aachiwe yeye. Huyu akaleta mbao za mlango wa zamani, yule akaleta godoro ambalo mwanawe alilikimbia alipooa, na seremala akaunda kitanda ambacho upande wa kichwani ulinyanyuka na kukaa kwenye meno matano, kama kiti cha kinyozi.

Alhamisi asubuhi wanaume wanne walikibeba. Njia ilipita mbele ya ofisi, na Mratibu alikuwa mlangoni.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Kitanda," akasema seremala.

"Naona ni kitanda. Nauliza kiutaratibu ni nini."

Seremala akakitazama kitanda, kisha akamtazama yeye. "Kiutaratibu pia ni kitanda, mzee."

"Ni msaada," Mratibu alimsahihisha kwa upole. "Na msaada haukatizi barabarani kama mbuzi. Unapokelewa, unasajiliwa, unakabidhiwa. Kiingizeni ndani."

"Mama Vifungo analala kwenye kiti, mzee."

"Ndiyo maana. Tukimpa kienyeji, atakuwa amepata kitanda. Tukimpa kirasmi, atakuwa amepata kitanda pamoja na hadhi."

Wakakiingiza ndani. Kitanda kikawekwa mapokezi, kikafungwa utepe mwekundu, na barua ikaenda kwa Waziri kumwomba awe mgeni rasmi. Waziri akajibu kwa furaha kwamba ana nafasi baada ya wiki tatu.

Wiki tatu si nyingi katika shughuli za serikali. Katika wiki hizo Mratibu alikikagua kitanda mara kadhaa, hasa baada ya chakula cha mchana, na akabaini kwamba jino la tatu ndilo linalofaa zaidi kwa mgongo. Alilinukuu hilo kwenye jalada.

Katibu wake, mwanamke mtaratibu aliyekaa ofisi ile miaka kumi na moja, alijaribu mara moja. "Mkuu, kwa nini tusimpe tu akakilalia, halafu siku ya sherehe tukakiazima?"

"Katibu, kitu kilichokwisha kutolewa hakitolewi tena. Huo utakuwa udanganyifu mbele ya Waziri."

Fundi viatu naye alikuja, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, kofia mkononi. Mratibu akampa fomu na, kwa kuwa alikuwa na moyo wa kuhudumia, akamkalisha na kumwelekeza. Aina ya huruma inayoombwa: ya kawaida, ya dharura, nyinginezo. Je, mgonjwa amewahi kuhurumiwa kabla? Kama ndiyo, na nani, na kwa idhini ipi?

Fundi viatu alijaza polepole, akakwama mahali.

"Hapa pa matarajio ya mgonjwa, niandike nini?"

"Andika anachotarajia."

Fundi viatu akafikiri. "Anatarajia kulala," akasema, akaandika hivyo.

Kitu kilimchoma Mratibu chini ya mbavu. Akaamua ni chai ya saa nne.

Siku ya sherehe ikafika. Turubai lilisimama uani, vipaza sauti vilijaribiwa tangu asubuhi, na saa nne Mratibu mwenyewe, amevaa suti ya kijivu, akaenda kumchukua mgonjwa. Alikuta kufuli mlangoni. Jirani, mwanamke anayepiga pasi nguo za watu, alikuwa barazani kwake akipepea mkaa.

"Wenye nyumba hii wako wapi?"

"Mama Vifungo kapelekwa hospitali kubwa tangu juzi, mzee. Nafasi ilipatikana ghafla, mwenye gari la mboga akashusha kabichi zake akampakia. Mumewe yuko naye huko. Jana kapasuliwa. Asubuhi hii tumeambiwa kaamka na kaomba maji."

"Kapelekwa kwa kibali cha nani?"

Mpiga pasi akaendelea kupepea. "Cha moyo wenyewe, nadhani. Ulichoka kusubiri."

Mratibu alirudi ofisini akikimbia, kwa namna mtu wa cheo anavyokimbia, yaani akitembea huku mikono ndiyo inayokimbia. Waziri alikuwa amebakisha dakika ishirini. Wapiga picha walishafika. Kitanda kilikuwepo, utepe ulikuwepo, risala ilikuwepo. Mgonjwa tu ndiye aliyekosekana.

Alimwomba tarishi alale kitandani nusu saa. Tarishi akasema kwao kujiita mgonjwa ni kuuita ugonjwa. Akamwomba mlinzi, mlinzi akamwonyesha rungu na kuuliza lango atamwachia nani. Akamgeukia Katibu.

"Mimi nasoma risala, Mkuu."

Basi hapakuwa na jinsi. Mratibu alitafakari kanuni, akaona kwamba nafasi yoyote ya kiofisi ikiwa wazi inaweza kukaimiwa, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba nafasi ya mgonjwa si ya kiofisi. Akajiteua Kaimu Mgonjwa. Akavua koti, tai na viatu, akapanda kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni, na akaagiza kichwa kinyanyuliwe hadi jino la tatu.

Waziri aliingia kabla hajamaliza kuagiza. Alikuwa mama mnene mwenye hatua za haraka, na hakuwa amewahi kumwona Mratibu ana kwa ana. Walijuana kwa barua tu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akamshika mkono. Mkono ulikuwa umelowa jasho na mapigo yanakwenda mbio, kwa sababu zisizohitaji daktari.

"Pole sana, baba. Unaumwa nini?"

"Moyo, Mheshimiwa," akanong'ona, maana ndivyo jalada lilivyosema.

"Na familia yako iko wapi? Na huyu Mratibu Mkuu mbona hajaja kunipokea?"

Watu wote wakamtazama Katibu. Katika miaka kumi na moja Katibu alikuwa ameelekezwa kusema mambo mengi ya kila namna, ila leo hakuna aliyepata muda wa kumwelekeza. Akasema ukweli.

"Mratibu Mkuu ndiye huyo, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama mtu aliye kitandani, na macho yake yakajaa machozi, ya kweli kabisa.

"Kumbe," akasema. "Barua zote zile anazoniandikia kwa ajili ya wagonjwa wa wenzake, kumbe mwenyewe anateketea kimya kimya."

Mratibu akafungua mdomo. Akisema ni mzima, basi amemlaghai Waziri, mchana kweupe, mbele ya kamera sita. Akisema anaumwa, basi anaumwa. Akakohoa kidogo.

"Kazi kwanza, Mheshimiwa," akasema.

"Hapana. Afya kwanza." Waziri akageukia vipaza sauti, na pale pale, bila risala, akatangaza kwamba serikali haina moyo wa jiwe, kwamba mtumishi huyu anapumzishwa kazi kwa sababu za kiafya kuanzia saa hiyo, kwamba Katibu atakaimu, na kwamba kitanda hiki, jasho la wananchi, kinakabidhiwa kwa mgonjwa huyu rasmi. Akakata utepe. Watu wakapiga makofi. Seremala, aliyesimama nyuma kabisa, hakupiga.

Kaimu Mratibu mpya alitoa waraka mmoja tu wiki ile. Ulikuwa na neno moja: Endeleeni. Bwana Muhuri alipomwendea kuomba arudishwe, akieleza kwamba amepona, alimkuta mnyenyekevu kama siku zote.

"Tunafurahi sana, Mkuu. Tunahitaji tu cheti kinachothibitisha ulikuwa unaumwa nini, ndipo tuthibitishe umepona nini."

Hakurudi tena kuuliza.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Habari zilienea kwamba Bwana Muhuri ana moyo, na mtaa haukusubiri kuitwa. Kinyozi alikuja kumnyoa bila kuombwa. Mtu alifagia ua. Masufuria ya supu yakaingia, la kwanza, la pili, la tatu. Mkewe, aliyejua vizuri kwamba mumewe hana hata mafua, aliyapokea yote na kushukuru.

"Kula, mgonjwa," akamwambia, akaenda zake.

Alikula. Ilikuwa supu nzuri, nayo ilishuka kwa taabu.

Siku ya tisa akaja fundi viatu. Alikuwa amerudi kuchukua nguo safi za mkewe, akaona si vizuri kupita bila kumjulia mwenzake hali. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Pole, mzee. Nimesikia ni moyo."

"Mkeo anaendeleaje?"

"Anarudi Jumamosi, Mungu akipenda. Wewe ukilala, kichwa kiwe juu. Tumejifunza kwa shida hilo." Akapapasa ubao wa kitanda kama mtu anayepima ngozi. "Mama watoto kaniambia nikuulize kama kinakufaa. Kasema usifanye haraka kukirudisha. Yeye kiti keshakizoea."

Bwana Muhuri alikaa wima. Aliweka miguu chini, moja, ya pili, akasimama.

"Mimi siumwi," akasema.

"Najua, mzee. Hata yeye alikuwa akisema hivyo hivyo."

"Nakwambia siumwi. Sijaumwa hata siku moja. Shika upande ule."

Fundi viatu alibisha, akasihi, mwishowe akashika, kwa kuona mzee atakiburuta peke yake. Wakatoka nacho barabarani, Bwana Muhuri mbele, amevaa pajama na kandambili, kitanda kikimgonga mapajani kila hatua. Watu wakatoka madukani. "Mzee, na moyo huo?" mmoja akasema, akataka kumpokea. Akakataa. Mpiga pasi akamfuata na kikombe cha maji. Seremala akawapita mbio kwenda kuufungua mlango vizuri, na kwa mara ya kwanza akamwita baba.

Walipokitua chumbani kwa Mama Vifungo, Bwana Muhuri alikuwa anahema kweli. Aliwaambia wote waliojaa mlangoni kwamba alidanganya, kwamba kitanda kilikaa ofisini wiki tatu bila sababu, kwamba yeye ni mzima na hastahili supu yao. Walimsikiliza kwa huruma.

"Homa hiyo inasema," mpiga pasi akanong'ona. "Mkalisheni."

Palikuwa na kiti kimoja tu. Wakamkalisha. Kilikuwa cha mbao, mgongo wima, mkono mmoja umelegea, na kilifungwa kitambaa mahali ambapo kichwa cha mtu kingeangukia.

"Usiegemee kulia, mzee," fundi viatu akasema. "Upande huo kinapinduka."

Akakaa. Baada ya dakika chache kiuno kilianza kuuma, halafu shingo. Alijaribu kuegemeza kichwa kwenye kitambaa, akakiondoa, akajaribu tena.

"Alilala hapa siku ngapi tangu nikichukue kitanda?"

"Kumi na tisa."

Walimwambia sasa inatosha, ainuke wamrudishe nyumbani taratibu, gari la mboga liko nje. Hakuinuka. Aliomba, kama si taabu, wamwache akae pale mpaka jioni.

Majirani wakatazamana. Hata seremala akatikisa kichwa. Sasa waliamini pasi na shaka kwamba mzee huyu anaumwa.