Kuhusu Bawa la Ndege Lililo Uani Kwetu

Kalemie, Jumatano

Kwa Papa Ghislain,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wapenzi wa Ndege

Papa Ghislain,

Nakuamkia kwa heshima. Najua kati ya nyumba yako na yetu kuna ua wa matete tu, na ningeweza kukuita. Lakini mambo haya ni mazito, na sauti yangu haivuki ua.

Jana Serge wa pikipiki alisoma programu ya wikendi yenu mbele ya watu wote waliokuwa bombani: "Jumamosi, saa tatu: kutembelea bawa la ndege ya zamani, kwa Mama Mwavita. Mwongozaji: Sifa." Kisha akasema, "Sifa huyu? Huyu anasalimiaka ukuta." Watu wakacheka, nami nikarudi bila maji. Ndiyo maana naleta malalamiko yafuatayo.

1. Sikuulizwa. Nasikia uliiambia kamati, "Huyu mutoto ako na diplome, Kifaransa kinatoka." Ni kweli nimemaliza shule. Lakini katika miaka sita ya sekondari nilinyoosha mkono mara mbili, na mara moja ilikuwa kwa sababu ya nyuki.

2. Bawa lina kazi. Tangu Babu alilete kwa mkokoteni na kulilaza juu ya matofali, Nyanya Mwavita anaanika ndakala juu yake. Linapata joto mapema, na samaki hawashiki mchanga. Mmemtuma Huguette, mwandishi wenu, aombe samaki waondolewe ili bawa lionekane. Nyanya amejibu, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie Ghislain, hilo bawa halijanirusha hata siku moja. Ndakala njo walisomesha huyu mutoto."

3. Kwenye tundu ilipokuwa injini, kuku wetu analalia mayai, na leo ni siku ya kumi tu. Ningeomba mkutano usogezwe hadi mwezi mpevu, wakati wavuvi hawatoki na bawa huwa tupu. Lakini mwezi ukiwa mpevu majirani huliazima kuanikia mihogo, na wa kwanza ni mama yake Huguette. Nimepitia kalenda yote, Papa. Mwaka huu hauna wikendi inayofaa. Mwaka ujao pia nimeuangalia.

4. Wageni arobaini wanaopenda ndege wanakuja, na hakuna hata mmoja anayekuja kwa ndege. Wengine wanapanda treni kutoka Kabalo, wengine meli kutoka Kigoma. Kwa siku ya Jumapili mmeandika: "Kutazama ndege ikitua, ikija. Isipokuja, kutazama anga. Mwongozaji: Sifa." Nilimuuliza Huguette niseme nini juu ya anga. Akajibu, "Sema kuna mawingu." Na kama hakuna?

5. Hili ndilo lenyewe, nimelichelewesha kwa aibu. Tangu nikiwa mdogo, wageni wakija kwetu mimi huingia chini ya bawa. Nyanya hunisukumia sahani hukohuko. Nimelala chini yake mpaka navijua vichwa vyote vya misumari, mia tatu na kumi na viwili, pamoja na msumari mmoja unaoning'inia. Sasa wageni wanaletwa palepale. Naomba kamati inieleze kwa maandishi nitajificha wapi.

Kwa hiyo naomba mtangaze kwamba kile si bawa, ni bati. Bati halihitaji mwongozaji. Tangazo nimeshaliandika, limebaki muhuri wako tu. Kama kamati itaona huo ni uongo, nakubali kuongoza kwa sharti moja: mimi niwe chini ya bawa, na wageni watazame ziwa.

Nisalimie Mama Dorothée, watoto wote, Huguette na mama yake. Serge nitamsalimia mwenyewe nikipata nguvu.

Ni mimi, mtoto wa upande wa pili wa ua,
Sifa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mzee mmoja wa wageni wenu ameshuka melini siku tatu mapema na kuingia uani kwetu. Sikupata nafasi ya kujificha. Aligonga bawa kwa kidole, akasema ni la kushoto. Papa, ni la kulia. Nikamwonyesha misumari, nikamwonyesha mkunjo wa mbele, nikamwingiza chini mpaka kwenye ule unaoning'inia. Tulipotoka jua lilikuwa limehama na ndakala hawajageuzwa. Bado anasema ni la kushoto. Kwa hiyo kazi yangu usimpe mwanao Jordan. Jumamosi mweke mzee huyo mbele kabisa, na wale wengine wote wasimame wasikie. Samaki nitawaondoa mimi. Nyanya umwambie wewe.